Nimehamisha programu kwenda nodi ya pili, mbona kumbukumbu imebaki ya kwanza?

Swali: Seva yetu ya Linux ina prosesa mbili, kila moja na kumbukumbu yake. Tuna programu ya Java inayokula GB 20. Nodi 0 (yaani prosesa ya kwanza na kumbukumbu yake) imeelemewa, hivyo nikatumia `taskset -cp 16-31` pamoja na namba ya mchakato ili ihamie nodi 1. Lakini `numastat -p` inaonyesha kumbukumbu karibu yote bado iko nodi 0, na kasi haijabadilika. Naweza kuihamisha bila kuzima programu? Anwani zake hazitavurugika?

Jibu: Unaweza, na anwani hazitavurugika. Ila kabla ya kugusa kumbukumbu, rudi kwenye hiyo amri ya kwanza, maana nadhani hujahamisha kitu. Bila `-a`, `taskset -p` inagusa thredi moja tu, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu: ile yenye namba uliyoandika. Kwenye Java, hiyo thredi ya kwanza haina kazi kubwa ikishawasha mashine pepe ya Java. Zile zinazohudumia wateja na zile zinazosafisha takataka (kumbukumbu isiyotumika tena) bado ziko pale pale zilipokuwa. Andika `taskset -acp 16-31` na namba ya mchakato, na uhakikishe kwa `numactl --hardware` kwamba CPU 16 hadi 31 ni za nodi 1 kweli. Seva nyingine hugawa namba kwa kupishanisha, na hapo unaweza kuwa umefunga nusu huku na nusu kule.

Thredi zikishahama, kumbukumbu haizifuati papo hapo. Kawaida ukurasa, yaani kipande kidogo cha kumbukumbu, hupata makazi kwenye nodi ya CPU iliyouandika kwa mara ya kwanza, na hukaa hapo. Kuuhamisha kuna amri yake:

`sudo migratepages 4312 0 1`

Yaani kurasa za mchakato 4312 zitoke nodi 0 ziende nodi 1. Amri hiyo inaita `migrate_pages`, mwito uliomo kwenye Linux tangu toleo 2.6.16 la mwaka 2006. Itumie kama root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Bila hivyo, kurasa ambazo mchakato huu unachangia na michakato mingine zitaachwa.

Kuhusu anwani: programu yako inajua anwani pepe tu, si mahali halisi data ilipo; jedwali la kurasa ndilo linalounganisha hizo mbili. Kerneli, kiini cha Linux, hutenga ukurasa mtupu nodi 1, hufuta kiungo cha zamani kwenye jedwali la kurasa na kuweka alama maalumu mahali pake, hunakili baiti 4,096, kisha huandika kiungo kipya. Thredi ikigusa ukurasa katikati ya kazi hiyo inakuta ile alama, kama mteja aliyekuta karatasi ya "narudi sasa hivi" mlangoni pa duka. Inasubiri, kisha inaendelea bila kujua lililotokea. Kusubiri kwa ukurasa mmoja ni kufupi sana, lakini GB 20 ni kurasa 5,242,880, na kila kiungo kikibadilika CPU lazima zifute tafsiri ya zamani ya anwani hiyo. Majibu kwa wateja yatachelewa kidogo wakati huo. Fanya usiku.

Usitarajie N0, yaani idadi ya kurasa zilizo nodi 0, ifike sifuri. Fungua `/proc/4312/numa_maps` utaona mistari ya namna hii:

`7f3a2c000000 default anon=262144 dirty=262144 N0=262144 kernelpagesize_kB=4`

Hiyo ni GB 1 kamili iliyokaa nodi 0. Baada ya kuhamisha, namba hiyo iwe imehamia kwenye N1. Inayokataa kutoka mara nyingi ni kurasa zilizopigiliwa zisihame kwa ajili ya kadi ya mtandao au kifaa kingine kinachoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu, kwa sababu kifaa kinashika anwani halisi. Hizo ziache. Kama zilizobaki ni nyingi, angalia kwanza kama nodi 1 ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Kitu kingine cha kutazama ni `/proc/sys/kernel/numa_balancing`. Ikiwa ni 1, kerneli yenyewe huwa inafunga baadhi ya kurasa kwa makusudi ili ione nani atazigusa, kisha inazisogeza karibu na anayezitumia. Uwezo huu uliingia toleo 3.8, mwaka 2013. Kwa hiyo kama kwako ni 1 na bado kurasa hazikusogea, hiyo ni dalili nyingine kwamba thredi zenyewe zilikuwa bado zinafanya kazi nodi 0.

Kumbuka pia kwamba `migratepages` haibadilishi sera ya kesho. Programu ikizimwa na kuwashwa, unaanza upya. Iwashe basi kwa `numactl --cpunodebind=1 --preferred=1`. Wengi huandika `--membind=1`, inayokataza kabisa kumbukumbu ya nodi nyingine; mimi siipendekezi hapa, kwa sababu nodi 1 ikijaa, kerneli inaweza kuua mchakato hata kama nodi 0 ina GB kadhaa zimelala.