Barioni Isiyodumu Hupimwaje Umri?

SWALI: Mhariri, ninafundisha fizikia ya kidato cha sita wilayani Newala. Mwanafunzi wangu ameuliza: ikiwa barioni nzito (chembe iliyoundwa na kwaki tatu, yaani vijenzi vidogo vya maada) huvunjika kabla haijavuka hata atomu moja, wanasayansi hujuaje kwamba imeishi muda gani? Naomba jibu nitakaloweza kulipeleka darasani.
Mwalimu, Newala, Mtwara

JIBU: Mwalimu, umri huo haupimwi kwa saa wala kwa umbali, bali husomwa kwenye upana wa kilele cha grafu.

Mwaka 2017, watafiti wa jaribio la LHCb huko CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, walitangaza barioni tano mpya za jamii ya Omega-c, zenye kwaki moja ya aina ya chamu na mbili za aina ya streinji. Kila moja ilikuwa na nishati ya ziada, na nguvu kali ya nyuklia ikaivunja kwa kuzalisha kwaki na kwaki kinzani yake, zikatokea chembe mbili: Ksai-c (barioni nyepesi zaidi) na kaoni (chembe ya kwaki moja na kwaki kinzani moja). Kaoni hiyo, pamoja na chembe zinazotokana na kuvunjika kwa Ksai-c, ndizo zinazofuatiliwa na vigunduzi. Kwa kujumlisha nishati na momenta zake, watafiti hukokotoa tungamo la mama yao, kisha huchora grafu ya matukio mengi.

Vilele vilijitokeza karibu na MeV (kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo) 3000, 3050, 3066, 3090 na 3119. Mzani wa ghala la korosho ukitoa kilo tofauti kwa gunia lile lile, tunaulaumu mzani. Hapa, hata baada ya kuondoa kasoro za kifaa, tungamo hubaki limetawanyika, kwa sababu kitu kinachoishi muda mfupi hakiwezi kuwa na nishati moja kamili. Mwanafunzi agawanye 6.6 × 10⁻²² (namba ya kudumu ya Planck iliyopunguzwa, kwa MeV-sekunde) kwa upana wa kilele ulio katika MeV, apate umri kwa sekunde. Kilele cha 3000 kina upana wa MeV 4.5 hivi, yaani umri wa takriban sekunde 1.5 × 10⁻²².

Kwangu mimi, utamu wa habari uko kwenye kilele cha 3119. Ksai-c na kaoni kwa pamoja zina MeV 2962, hivyo barioni hiyo ina ziada ya MeV 157 na ingetarajiwa kuvunjika upesi kuliko ile ya 3000, yenye ziada ya 38 tu. Lakini upana wake ni kama MeV 1 tu. Ziada peke yake haitoshi. Namna kwaki zinavyozunguka na kupangika ndani yaweza kuubana mlango wa kutokea, na ndiyo maana wananadharia huutumia upana huo kuchunguza mpangilio usioonekana.

Mwanafunzi akiuliza kama kila barioni nzito yenye nishati ya ziada huvunjika hivyo, mpe mfano wa Omega-c ya MeV 2766. Imeizidi Omega-c ya chini kabisa kwa MeV 71 hivi, ilhali kutoa hata pioni (chembe nyepesi ya kwaki na kwaki kinzani) iliyo nyepesi kuliko zote huhitaji MeV 135. Nguvu kali haina chembe ya kutoa hapo, na barioni hiyo hushuka kwa kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga.