Muulize Somo: Wakongwe na Wageni wa Dansi ya Tumbo

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanaocheza dansi ya tumbo ya Kimisri hapa Tanga. Nusu wanalia kutengwa, nusu wanalalamika kuchoshwa.

Shikamoo Somo. Nina miezi mitatu darasani. Nikiuliza jambo, dada wakongwe wanatazamana, mmoja anaguna. Niache kuuliza? (Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Usiache, ila chagua saa. Mwalimu akiwa anahesabu mapigo, usimkatize. Ngoja watu wafungue vibwebwe wanywe maji, mfuate mkongwe mmoja umwambie, "Dada, hebu nitazame hapa." Mbele ya wenzake ana hadhi ya kulinda, akiombwa peke yake hulainika. Na huyo mgunaji mkumbushe kwamba hata wachezaji mashuhuri wa Misri, Samia Gamal na Tahia Carioca, walianzia katika kundi la Badia Masabni, yule aliyefungua ukumbi wake Cairo mwaka 1926, kabla hawajang'ara kwa majina yao.

Somo, kuna mgeni kaagiza mkanda wa sarafu wa bei mbaya, na hatua hajui. Kelele tupu. Tunamcheka. Nimwambie au ninyamaze? (Raskazone)

Mnamcheka, halafu unaniuliza kama unyamaze! Mkanda si kosa. Sarafu zikilia nje ya pigo, mchezaji mwenyewe anasikia kwamba kakosea. Mpigie maqsum, lile pigo la ngoma za Kimisri, kwa makofi, dum-tek, tek-dum, tek, umwambie azilize kwenye dum tu, yaani pigo zito. Kisha mtazame goti. Wageni wengi hushusha nyonga kwa kukamua mgongo, kesho yake wanatafuta dawa ya kuchua. Kisigino kiinuke, goti linyooke na kukunjwa, nyonga itafuata yenyewe. Mwekee kiganja begani. Bega likitikisika, arudie. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na mtakuwa mmemfaa kuliko mwezi mzima wa vicheko. Tena wageni ndio wanaolipa ada kwa wakati. Wakongwe mnaingia kwa mazoea, msinifanye niseme zaidi.

Nimekulia kwenye baikoko, ngoma yetu ya kiuno. Mwalimu ananiambia nisahau yote niliyojua. Nifanyeje? (Mabawa)

Hapo simuungi mkono mwalimu wako. Kiuno kilichozoea ngoma hakianzi sifuri. Kuna la kubadili, kweli: kwenye baikoko magoti yamekunjwa na ngoma ndiyo inayoamuru, ilhali dansi ya Kimisri inakutaka uinue kifua, nyonga ifanye lake na kifua lake, na saa nyingine uifuate fidla uiache ngoma. Sikio la fidla watu wa pwani tunalo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na taarabu ikaanzia hapo. Kwa hiyo mwambie mwalimu, kwa adabu, kwamba utajifunza la pili bila kulitupa la kwanza.

Mgeni wa miezi minne anacheza bure kwenye shughuli za harusi. Sisi tunaolipwa tumeanza kukosa kazi. Tumtenge? (Chumbageni)

Kuna aliyemwambia bei? Nawajua nyie: bei ni siri ya wakongwe, kisha mgeni analaumiwa kwa kutoijua. Mketisheni mumweleze mnatoza kiasi gani, nauli inatoka kwa nani, tuzo zinagawanywa vipi. Mchukueni shughuli moja acheze nyuma yenu, apewe chake mkononi. Akishajua yote hayo na bado akajigawa bure, msimwite tena, wala sitawalaumu.

Kijana wa kiume anaomba kujiunga. Wenzangu wamegawanyika. (Makorora)

Mahmoud Reda alianzisha kundi lake la ngoma za Kimisri mwaka 1959 na alicheza jukwaani mwenyewe, hivyo wanaume si jambo geni. Mpokeeni. Lakini tengeni siku za wanawake peke yao na mzitangaze mapema, maana wapo wanaokuja kwa sababu tu hakuna mwanamume ukumbini, na hao walitangulia.