Jibu: Matetea wananyonyoka manyoya, nibadilishe mbegu?

Pole ndugu. Umeuliza kama matetea wako sita wananyonyoka kwa sababu ya mbegu mbaya. Usiwauze bado! Washike mmoja mmoja usiku wakiwa wametulia, uwaangalie kwa tochi. Upara ukianzia kichwani na shingoni, ukashuka mgongoni hadi mkiani, na mayai yamepungua, huyo anabadilisha manyoya tu. Kuku wakubwa hupitia hali hiyo karibu kila mwaka. Utaona manyoya mapya yakichomoza kama vijiti. Yana damu ndani na yanauma, kwa hiyo usimshikeshike. Unyoya ni protini takriban asilimia 85, basi mwongezee chakula chenye protini.

Upara wa mgongoni peke yake mara nyingi ni kazi ya jogoo. Jogoo mmoja hutosha matetea 8 hadi 10. Sita kwake ni wachache, wanaumia. Ukiona wekundu karibu na mkia, pekua utafute chawa na mayai yao kwenye mashina ya manyoya. Utitiri mwekundu mchana hujificha kwenye nyufa za banda, ndiyo maana nasisitiza usiku.

Kuhusu mbegu, kishingo huzaliwa shingo wazi, si ugonjwa, na joto analivumilia vizuri. Leghorn hutaga sana ila ana wasiwasi, akibanwa huweza kudonoa wenzake. Orpington ni mpole, nampenda sana, lakini manyoya yake mengi humtesa penye joto kali.