Sadaka Haifuti Deni la Chama

Dada mmoja katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Kisauni, muuza vitunguu soko la Kongowea, alikula pesa za chama cha akina mama cha kuweka akiba, alichokuwa mweka hazina wake. Hakushtukiwa. Akaanza kufunga kila Ijumaa, na bahasha yake ya sadaka ikanenepa kuliko ya wengi wetu. Siku aliponifungukia aliniuliza, "Mama, nitoe mpaka lini ndipo Mungu aridhike?"

Nikamwambia aache kutoa. (Wazee wa kanisa wakisoma hapa watanuna, na wanune.) Waebrania 10 inasema Kristo alijitoa mara moja tu, hakuna salio la kumaliziwa kwa bahasha. Sisi wa pwani hatuendi mbali kulielewa hili. Kule Rabai, nje ya Mombasa, watumwa watoro walijificha misheni huku mabwana zao wakiwadai. George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa akawalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,000 wakapewa hati za uhuru. Wao hawakulipia uhuru wao.

Mfano huo una mpaka, lakini: Rabai, fidia ilipokelewa na mabwana. Marko 10:45 yasema Kristo alitoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, haisemi nani aliipokea. Origen, mwalimu wa kanisa la kale, aliwaza ni Ibilisi. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury kule Uingereza, karibu mwaka 1098, akakataa kwamba Ibilisi ana haki yoyote ya kudai. Mimi niko na Anselm.

Sasa turudi kwa chama. Dada amepatanishwa na Mungu, sawa, ila akina mama wale bado hawajaona pesa zao. Mambo ya Walawi 6 inamtaka mwizi arudishe mali yote kwa mwenyewe, aongeze sehemu ya tano, na alete kondoo dume kwa kuhani. Zakayo mtoza ushuru naye (Luka 19) aliahidi kurudisha mara nne Yesu akiwa keshasema atashinda nyumbani kwake, si ili aje.

Kwa hiyo nenda kwa uliyemdhulumu, taja kiasi, na usianze na "shetani alinipitia". Huna zote? Lipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, rekodi ibaki. Dada yule analipa kila mwisho wa mwezi. Mwanachama mmoja hamsalimu mpaka leo, na ana haki yake. Kama mwenye mali ameshafariki, Hesabu 5:8 inamtaja jamaa yake wa karibu: watafute watoto wake kabla hujakimbilia kapu la sadaka.