Uliza Mwalimu wa Kemia: Asidi dhaifu inayoua, siki na blichi, na maji ya alikali

Safari hii barua zenu karibu zote zimeangukia asidi na besi (besi ni kinyume cha asidi, ndiyo inayoituliza), nahisi kuna wenye mitihani na kuna waliovamia kabati la dawa za usafi. Zilizofanana nimeziunganisha. Yale ya usalama nimeyajibu kwa urefu hata kama wenyewe mliuliza kwa mstari mmoja.

Shikamoo mwalimu. Mimi mwanafunzi, naomba unisaidie, asidi kali na asidi iliyokolea si kitu kimoja? Tumebishana darasani hadi basi.

Marahaba. Sio kitu kimoja. Ukolevu ni hesabu ya asidi kiasi gani umeweka kwenye maji, yaani hilo ni la kwako wewe unayechanganya, ukiongeza maji unaizimua na ukolevu unashuka. Ukali ni tabia ya asidi yenyewe, hata ufanyeje huibadilishi. Asidi haidrokloriki ni kali kwa sababu ikiingia majini molekuli zake karibu zote zinaachia haidrojeni, hairudi tena. Asidi asetiki, ile ya kwenye siki, ni dhaifu, yenyewe inakopesha haidrojeni halafu hapohapo inaidai, kwa hiyo ukichungulia wakati wowote unakuta nyingi bado zimeshikilia mali yao.

Tuweke namba. Chukua hizo mbili zote kwa ukolevu uleule wa mola 0.1 kwa lita (mola ni kipimo cha wingi wa molekuli). Haidrokloriki inakupa pH ya 1 (pH ni kipimo cha uasidi, namba ikishuka uasidi unapanda). Asetiki inakupa kama 2.9, maana kwenye kila molekuli 100 ni moja na kidogo tu imeachia haidrojeni. Tofauti ya ioni (chembe zenye chaji) za haidrojeni zinazoelea mle ni karibu mara 75! Lakini sasa chukua sodiamu haidroksaidi, ambayo ni besi, uanze kuzituliza zote mbili, utakuta zinakula kiasi kilekile mpaka ziishe, hapa ndo wanafunzi wengi huwa wananikodolea macho. Sababu ni kwamba ukiziondoa haidrojeni zilizo huru, zile molekuli zilizobaki zinaachia nyingine, unaondoa tena zinaachia tena, hadi mwisho. Kwa hiyo kwenye titresheni, yaani kupima asidi kwa kuituliza na besi, udhaifu wa asidi haukupunguzii hata tone.

Na msidhani dhaifu maana yake salama. Asidi haidrofloriki kwenye vitabu imepangwa na asidi dhaifu, na ndo moja ya zile ninazoziogopa kuliko zote. Inakula kioo, ndo maana inahifadhiwa kwenye chombo cha plastiki. Ikiwa imezimuliwa ikakugusa mkononi unaweza usisikie chochote, unaendelea na kazi, maumivu yanakuja masaa kadhaa baadaye wakati floridi imeshapenya ndani ya nyama na kunasa kalsiamu ya mwili, na kalsiamu ya damu ikishuka moyo unapoteza mapigo yake. Wakati huohuo maji ya limau yana pH ya kama 2 na unayanywa tu. Kwa hiyo ukiulizwa asidi flani ni hatari kiasi gani, uliza mambo matatu: ni kali au dhaifu, imekolea kiasi gani, na hiyo sehemu nyingine ya molekuli, ukiacha haidrojeni, inafanya nini mwilini. Hilo la tatu watu hawaliulizi kabisa.

Mwalimu, pH 3 na pH 4 si zimepishana kidogo tu? Halafu kuna mtu kaniambia maji yakichemka yanakuwa asidi, kweli?

Zimepishana mara kumi. Kila hatua moja kwenye skeli ni mara kumi, hatua mbili ni mara mia, ndivyo Mdenmark Søren Sørensen alivyoipanga mwaka 1909 akiwa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, ndiyo, ya watengeneza bia, alichoka kuandika namba zenye sifuri nyingi baada ya nukta. Na skeli haijafungwa kwenye 0 na 14 kama picha za vitabuni zinavyoonyesha, asidi haidrokloriki iliyokolea sana inashuka chini ya 0.

Hilo la maji: maji safi kwenye nyuzi 25 yana pH 7, yakifika nyuzi 100 yanasoma kama 6.1. Ila hayajawa asidi. Joto linafanya molekuli nyingi zaidi za maji zigawanyike, na kila moja ikigawanyika inatoa haidrojeni moja na haidroksaidi moja (hii ndo ya upande wa besi), bado ziko sawasawa, kwa hiyo maji bado hayana upande. Hiyo 7 mnayoikariri ni ya nyuzi 25 tu.

Hello mwalimu! Kuna video naona wanachanganya siki na magadi soda kusafishia sinki, lile povu si ndo linafanya kazi? Na mimi naongezaga blichi kidogo iue wadudu, sijui nakosea?

Hii sehemu ya pili ya swali lako ndo imefanya nikae chini nikuandikie haraka. ACHA HIYO BLICHI. Nitarudi hapo.

Kwanza povu. Siki ni asidi, magadi soda ni besi, ukizikutanisha zinamalizana, kinachotoka ni gesi ya kaboni dayoksaidi, maji, na chumvi iitwayo sodiamu asetati. Gesi ndo hilo povu, linafurahisha macho na linaweza kusukuma uchafu uliolegea, basi. Likishatulia unachobaki nacho ni maji yenye chumvi kidogo, umetumia dawa mbili kutengeneza kitu ambacho hakisafishi kama yeyote kati ya zile mbili. Tumia moja moja. Utando mweupe wa chokaa ndani ya birika au kwenye bomba, siki inautoa vizuri kwa sababu chokaa ni kaboneti na asidi inaiyeyusha. Mafuta yaliyoganda, magadi soda na kusugua. Na usije ukachanganya mbili hizo ukafunga kwenye chupa ukasema utatumia kesho, gesi itatafuta njia na chupa itapasuka.

Sasa blichi. Ndani yake kuna sodiamu haipokloraiti, na inatengenezwa iwe ya kibesi makusudi, pH ya 11 kwenda juu, kwa sababu kwenye hali hiyo klorini inatulia humo ndani. Ukimwaga asidi, siki, limau, au hizi dawa za choo zenye asidi haidrokloriki ambazo ndo mbaya zaidi, pH inashuka na klorini inatoka kama gesi. Hii ndo gesi Wajerumani waliyowafungulia maadui wao Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Bafuni kwako inatoka kidogo kuliko vitani, sawa, lakini bafu ni dogo na mlango umefunga. Macho yanawasha, koo linabana, unakohoa, na kwenye mapafu inaweza kujaza maji baadaye ukiwa umeshajiona umepona. Ikitokea, toka nje, usibaki kumwagia maji wala kusikiliza harufu kama imepungua, fungua milango ukiwa unatoka, na kama kifua kinabana nenda hospitali. Blichi na amonia pia usikutanishe, hapo inatoka gesi nyingine, kloramini, nayo inaumiza mapafu. Blichi inachanganywa na maji tu.

Mwalimu, dawa ya kuzibua mabomba ilinimwagikia mkononi nikaona inateleza kama sabuni, haikuuma sana. Jirani akasema nipake limau iikate. Ni sahihi?

Pole. Iliteleza kama sabuni kwa sababu ILIKUWA inatengeneza sabuni, kwa mafuta ya ngozi yako. Dawa nyingi za kuzibua mabomba zina sodiamu haidroksaidi, na besi kali ikikutana na mafuta inayageuza sabuni, kazi hiyohiyo inayoifanya kwenye bomba lililoziba.

Watu wanaogopa asidi na kuidharau besi, ni kinyume kabisa na ninavyoona mimi. Asidi ikiunguza, protini za ngozi zinaganda, na lile tabaka lililoganda linazuia kiasi isiende chini zaidi. Besi inayeyusha tishu, inaendelea kuzama, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa hiyo mtu anajipa moyo. Kwenye jicho ndo balaa.

Limau hapana. Asidi na besi zikikutana zinatoa joto, unaunguza palipokwisha kuungua, alafu muda unaotafuta limau jikoni ndo muda ambao dawa inazama. Vua nguo, saa na pete zilizolowa, weka mkono chini ya maji yanayotiririka, sio kwenye beseni, dakika 20 au zaidi. Jicho hivyohivyo, kope zishikwe wazi hata kama mtu analalamika, halafu hospitali. Akiimeza mtu msimlazimishe kutapika, maana itaunguza koo mara ya pili ikipanda.

Nikiwa hapohapo, mwingine kauliza kwa nini wanasema asidi ndo iingie kwenye maji na sio maji kwenye asidi. Asidi salfuriki iliyokolea ni nzito karibu mara mbili ya maji, na ikichanganyika inatoa joto kali, ukimimina maji juu yake yanakaa juu, yanachemka papo hapo na kurusha matone ya asidi usoni kwako. Ukigeuza, asidi inazama kwenye maji mengi na joto linasambaa. Polepole, huku unakoroga.

Mbona kila kitabu kina maana yake ya asidi? Na amonia haina haidroksaidi, inakuwaje besi?

Kwa sababu wakubwa wa kemia walibadilisha mawazo, na hawakubadilisha kwa hiari. Lavoisier, Mfaransa, aliamini kila asidi lazima iwe na oksijeni. Mwaka 1810 Humphry Davy akaonyesha kwamba ile tunayoiita leo asidi haidrokloriki haina oksijeni hata chembe, hoja ikafa. Svante Arrhenius, Msweden, akaja na wazo la ioni: asidi inatoa haidrojeni majini, besi inatoa haidroksaidi. Tasnifu yake ya mwaka 1884 walimu wake waliipa alama za chini, mwaka 1903 akapewa Nobeli ya kemia, sijui wale walimu walijificha wapi.

Amonia ndo ilikuwa mwiba kwa Arrhenius, kama ulivyoona. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mtu kivyake, wakasema asidi ni kinachotoa ioni ya haidrojeni na besi ni kinachoipokea. Amonia inapokea haidrojeni kutoka kwenye maji, maji yaliyonyang'anywa yanabaki haidroksaidi. Umeona ilikotokea? Kwenye mtihani angalia swali linataka ya nani.

Nimeshauriwa ninywe maji ya alikali ili damu iache kuwa na asidi. Nitumie ya pH ngapi?

Hifadhi pesa yako. Damu inatakiwa kuwa na pH kati ya 7.35 na 7.45, tayari ni alikali kidogo, yaani iko upande wa besi, na mwili hauachi ifuate kile ulichokunywa: mapafu yanatoa kaboni dayoksaidi, figo zinatoa asidi kwenye mkojo, na ndani ya damu yenyewe kuna baikaboneti ya kudhibiti. Maji yako ya alikali yakifika tumboni yanakutana na asidi haidrokloriki ya pH ya 1.5 hadi 3.5 na mchezo unaishia hapo. Damu ikishuka chini ya 7.35 kweli, huo ni ugonjwa wa kulazwa, sukari iliyopanda sana, figo zilizofeli, sio wa kutibiwa na chupa ya maji. Mkojo wako unaweza kubadilika pH kweli, na hiyo ndo karatasi ya kupimia pH wanayokuonyesha wakikuuzia.

Hatuna litmasi shuleni, ile ya kutambua asidi na besi kwa rangi, tutumie nini?

Kabichi ya zambarau. Ikatekate, chemsha kwa maji kidogo mpaka maji yawe zambarau ya kukolea, chuja, acha yapoe. Gawa kwenye glasi nyeupe zisizo na rangi. Ya kwanza tia siki, inageuka pinki kabla hujamaliza kumimina, ukiiangalia kwa karibu utaona rangi inashuka kama moshi kwenda chini ya glasi. Ya pili tia magadi soda, inakuwa bluu yenye ukijani. Maji ya sabuni ya mche yanaivuta kwenye kijani. Robert Boyle aliandika jambo kama hilo mwaka 1664 kwa kutumia maua ya urujuani, kwa hiyo hamko nyuma sana ya maabara za watu.

Sasa mimina siki kidogo kidogo kwenye ile ya bluu: povu, halafu rangi inarudi zambarau, halafu pinki. Ongeza soda irudi bluu, mnaweza kucheza hivyo mara nyingi. Ila mkiona imekuwa njano mjue mmeweka besi kali mno na rangi yenyewe imevunjika, hiyo mwageni mchukue nyingine. Juisi iliyobaki iwekeni kwenye friji, ikikaa nje siku chache inanuka vibaya mno.