Ukitaka historia ya ukoo, usianze na kabila

Nilipoamua kuandika historia ya ukoo wetu, nilianza vibaya. Nilifika Ujiji, Kigoma, na daftari jipya, nikakaa na bibi barazani, nikawasha simu inirekodie, nikauliza: "Bibi, hivi sisi hasa ni kabila gani?"

Alinitazama, akakaza kitenge chake. "Sisi watu wa hapa, mume wangu. Umeshakula?"

Siku tatu nzima hakugusa tena habari hiyo.

Ilinichukua muda kutambua nilichomuuliza. Nchi hii wenyewe ni Waha, lakini Ujiji ni mji wa waliokuja. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19 ilileta Wamanyema kutoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikaleta watu wa pwani, ikaleta wapagazi wa Kinyamwezi kutoka Tabora. Kuna aliyefuata riziki, na kuna aliyeletwa na kamba shingoni. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Kwa hiyo bibi amekulia kwenye mitaa yenye wazee waliowahi kumilikiwa na wazee waliowahi kumiliki, wakisali msikiti mmoja na kuozeshana watoto. Ukimuuliza mtu wa umri wake kabila, anaweza kusikia swali jingine kabisa: mama wa mama yako alikuwa wa nani?

Anza na kitu kinachoshikika. Siku ya nne nilikuwa namsaidia kuchambua dagaa, nikamuuliza kuhusu sanduku la bati lililoko mvunguni. Alilivuta mwenyewe. Chini ya kanga za zamani kulikuwa na kadi ya kahawia iliyolegea kwenye mikunjo, ina vijumba thelathini, karibu vyote vimetiwa alama. Kipande cha babu, yaani kadi yake ya kazi ya shamba la mkonge.

Wengi wetu tunalitaja neno manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani, bila kujua kipande kilivyofanya kazi. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, unatiwa alama ya siku hiyo. Usipoimaliza, siku imepotea. Mshahara ni mpaka alama 30 zitimie, hata kama itakuchukua wiki sita. Watu wa Kigoma walikwenda kwa wingi kwenye mashamba ya mkonge, wengi kwa sababu kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na huku fedha ilikuwa ngumu kupatikana. Bibi alieleza hayo yote ameshika kadi, na kila mara alikuwa akipitisha kidole kwenye vijumba vitatu vilivyo wazi. "Hapa aliumwa," alisema. Daftari langu sikulifungua, na simu niliiacha ndani. Nilikwenda kuandika usiku.

Jambo la pili ni miaka. Usimwambie mzee akutajie mwaka, muulize kulikuwa na nini. Bibi hajui mama yake alizaliwa lini, ila anajua alizaliwa "Wabelgiji wakiwa hapa". Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916, wakawaachia Waingereza mwaka 1921. Tayari umeshapata mahali pa kushika. Reli kufika Kigoma ni 1914. Meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe, iliibuliwa mwaka 1924. Kuhamishwa vijijini ni miaka ya sabini. Andika matukio kama haya ukurasa wa kwanza wa daftari, uwe unawapangia watu wako kando yake.

Kama ukoo wenu ni Wakatoliki, ulizia vitabu vya ubatizo parokiani, maana Mapadri Weupe walifika Tabora na Ujiji miaka ya 1878 na 1879. Sisi Waislamu tuna hazina nyingine ambayo watu huipita tu: karatasi ya marehemu wanaosomewa hitima. Ya kwetu imenakiliwa mara nyingi, kila kizazi kinaongeza majina chini. Wanawake wote wameandikwa fulani binti fulani, isipokuwa mmoja, juu kabisa. Yeye ana jina lake tu, na mbele yake neno Kasongo. Kasongo ni mji wa Manyema, ambako misafara ilikuwa na makao yake.

"Huyo alikuja na msafara," bibi alisema.

Nilitaka kuuliza alikuja vipi, na mikononi mwa nani. Niliona taya lake limekaza, nikanyamaza. Nakusihi nawe unyamaze ukifika hapo. Mtu aliyeificha kwa miaka themanini aibu ya kutendewa hana deni kwako.

Siku hizi kijana wa Kigoma akifuatilia kitambulisho cha taifa anaweza kuulizwa, ili athibitishe uraia wake, babu yake alizaliwa wapi, na bibi yake je. Ndugu yangu mmoja aliulizwa hivyo, akarudi nyumbani hasemi na mtu. Nilimpa nakala ya kile kipande na ya ile karatasi, aone tumezika hapa vizazi vingapi. Jibu la bibi siku ile ya kwanza nililidhani la kunikwepa. Lilikuwa jibu kamili.

Kwenye daftari nimemwandika yule wa juu kama alivyo kwenye karatasi, bila "binti fulani". Shaabani iliyopita bibi alinikabidhi karatasi nisome mimi, macho yake hayaoni vizuri tena. Nilipofika kwenye jina la yule wa juu nilisita.

"Msome," alisema. "Msome kwa sauti."