Darubini ya bei nafuu kwa bunduki ya .22 ya masafa marefu
Mkuu, ukitafuta darubini ya kulengea shabaha za mita 200 usihangaike na ukuzaji, angalia kwanza kitovu chake cha kulengea kinaweza kupandishwa MOA ngapi (MOA ni kipimo kidogo cha pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii). Risasi ya .22 LR (risasi ndogo ya kawaida ya bunduki hizi) ya kasi ya kawaida, ukiseti darubini ipige sawasawa kwenye mita 50, ikifika 200 imeshashuka zaidi ya mita moja na nusu, yaani MOA 26 au zaidi. Darubini yenye MOA 40 kwa jumla inakubakizia takriban 20 tu za kupanda, hivyo inaishia njiani. Tafuta ya MOA 60 na kuendelea, au funga reli yenye mteremko wa MOA 20, ambayo ni rahisi kuliko kununua darubini nyingine.

Pili, iwe na paralaksi ya kurekebisha (kitufe cha kuifanya picha na alama ya kulengea zikae sawa kwa umbali husika) inayoshuka hadi mita 25 au chini. Darubini nyingi za bunduki kubwa paralaksi yake imefungwa kwenye yadi 100, ukilenga karibu unaona ukungu. Hizo 6-24x50 (zinakuza mara 6 hadi 24, lenzi ya mbele milimita 50) za bei chee zinavutia dukani, ila kwenye 24 picha inaingia giza. 4-16 inatosha kabisa. Hesabu ya kushuka hubadilika kwa aina ya risasi, kwa hiyo ipime na boksi lako mwenyewe la risasi.